Tuvix alikuwa nani? Ugomvi wa mashabiki wa Voyager ambao haujaisha tangu 1996

Mama mdogo alitukuta, mimi na mdogo wangu, tumebakiza kama dakika kumi za sehemu moja ya Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga. Alitoka jikoni na ungo wa mchele, akakaa kwenye mkeka kuuchambua, huku jicho moja liko kwenye televisheni. Yeye si mtu wa vyombo vya anga; maisha yake ya kazi ameyamalizia wodini, muuguzi. Kwenye skrini mwanamume mmoja alikuwa akizunguka chumba cha usukani, anamwendea huyu, anamwendea yule, anaomba walau mmoja amtetee. Wote wakainamisha macho. Walinzi wakampeleka zahanati ya meli, daktari akakataa kumgusa, na nahodha mwenyewe akaenda kushika mitambo.

"Huyo mgonjwa kasaini?" mama mdogo akauliza.

Mdogo wangu akamjibu, "Mama mdogo, hapo hakuna mgonjwa. Kuna watu wawili wamepotelea ndani yake, wanarudishwa."

"Nimekuuliza kasaini?"

Hakusaini. Alikuwa anasema hataki kufa, tena kwa sauti ambayo kila aliyemo chumbani aliisikia. Mashabiki wa Star Trek wamekuwa wakigombana juu ya dakika hizo kwa karibu miaka 30, na mama mdogo, bila kujua hata majina ya wahusika, alikuwa ameshaingia katikati ya ugomvi.

Sehemu yenyewe inaitwa "Tuvix", ya 24 katika msimu wa pili wa Star Trek: Voyager. Ilirushwa Marekani tarehe 6 Mei 1996 kupitia mtandao wa televisheni wa UPN, ikiongozwa na Cliff Bole. Kwa asiyeifahamu tamthilia hii: Voyager ni chombo kilichotupwa upande wa pili wa galaksi, miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, na hata kikienda mbio zake zote safari ya kurudi ingechukua kama miaka 75. Wafanyakazi wake hawana makao makuu ya kuwasiliana nayo wala mahakama ya kukatia rufaa. Wana nahodha wao, Kathryn Janeway, anayechezwa na Kate Mulgrew, basi.

Ndani ya chombo hicho kuna Tuvok, afisa usalama kutoka sayari ya Vulcan, mtu wa mantiki asiyejua kucheka, anayechezwa na Tim Russ. Kuna pia Neelix, mpishi mchangamfu na mwingi wa maneno, anayechezwa na Ethan Phillips. Hawaivi chungu kimoja. Siku hiyo wametumwa kwenye sayari kukusanya mimea. Wakati wa kurudi, mtambo unaowavunja watu kuwa chembe na kuwajenga upya mahali pengine unamtoa mtu mmoja badala ya wawili. Okidi waliyoichuma ilikuwa na vimeng'enya vinavyounganisha viumbe, na katikati ya safari ikawaunganisha wote wawili. Hata nguo zimeungana: kitambaa cha marembo cha Neelix kimefumana na sare ya Tuvok.

Mtu huyo anajiita Tuvix. Ana kumbukumbu zote za Tuvok na zote za Neelix, lakini anaposema "mimi" anamaanisha mtu mmoja tu. Tom Wright anamwigiza vizuri mno, na nadhani nusu ya ugomvi huu ni kazi ya mikono yake. Ule utulivu wa Tuvok umo, na ule ukunjufu wa Neelix umo, lakini huwezi kuonyesha kidole ukasema hapa pameishia mmoja, hapa pameanzia mwingine. Anapika vizuri na ana busara kazini. Wiki zinapita, wenzake wanamzoea na wanampenda.

Halafu daktari anapata dawa. Anaweza kuweka alama kwenye vinasaba vya mmoja, mtambo ukavichomoa, watu wawili wakarudi. Anaitangaza habari kwa furaha. Tuvix peke yake hafurahi. Anasema hapana.

Janeway anaamua atenganishwe kwa nguvu, na anatenganishwa. Tuvok na Neelix wanarudi wazima.

Tangu siku ile mashabiki wamegawanyika. Upande mmoja unasema Janeway ni muuaji, na wanalisema neno hilo bila kulipunguza makali. Upande wa pili unasema aliwaokoa watu wake wawili waliokuwa wamepotea, na nahodha yeyote mwenye akili angefanya hivyo hivyo. Nimezisoma na kuzisikia hoja hizi kwa miaka mingi, na ninachoona ni kwamba ugomvi haupati mwisho kwa sababu ni kesi tatu zilizofungwa kwenye jalada moja. Huyu anajibu ya kwanza, mwenzake anamrudishia jibu la tatu, kila mmoja anaondoka akiamini mwenzake hana huruma au hana akili.

Kesi ya kwanza ni ya kumtambua aliyesimama pale. Wanaomtetea Janeway mara nyingi huanza hapa: Tuvix ni hali, kama homa au kupoteza fahamu. Waliopo ni Tuvok na Neelix, wameugua ugonjwa wa ajabu, na ugonjwa ukipata dawa mgonjwa hutibiwa. Hoja hii ina nguvu siku ya kwanza. Janeway mwenyewe analijua hilo. Kuna mazungumzo yake na msaidizi wake Chakotay ambamo anakiri kwamba kama dawa ingekuwepo mara tu Tuvix alipotokea, asingesita hata kidogo. Swali linalomsumbua ni lini ajali ile iligeuka kuwa mtu.

Maneno hayo yananirudia kila mara, kwa sababu ndani yake nahodha ameshakiri. Ukiuliza ni lini kitu kilianza kuwa mtu, umeshakubali kwamba sasa ni mtu. Na kilichopita kati ya siku ya kwanza na ile ya dawa kinaeleweka: aliishi. Alijipa jina, akapewa kazi, akapata marafiki, akaanza kuwa na mambo ya kesho.

Wengine hushika njia ya kumbukumbu. Wanasema mtu ni kumbukumbu zake, na kwa kuwa Tuvix anazo zote za wawili, basi hakuna aliyekufa kwenye ajali. Tuvok na Neelix wamo humo wanaendelea, na Tuvix mwenyewe anajitetea hivyo. Hapa Star Trek ilishatupa kisa cha kutufikirisha, tena chenye Kiswahili chetu ndani yake. Mwaka 1967, katika sehemu inayoitwa "The Changeling", mashine iitwayo Nomad inamfutia kumbukumbu Luteni Uhura, yule afisa wa mawasiliano aliyechezwa na Nichelle Nichols na ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru. Anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na Kiingereza kinapomkwama analalamika kwa Kiswahili. Hakuna aliyesema Uhura wa zamani amekufa. Kumbukumbu zilifutika, mtu akabaki.

Basi na kinyume chake kinawezekana: kumbukumbu zinaweza kubaki, mtu akawa ameondoka. Mtazame Kes, mpenzi wa Neelix, anayechezwa na Jennifer Lien. Tuvix anamwambia anampenda, na anasema kweli, kwa moyo ule ule wa Neelix. Lakini moyo huo huo unampenda pia T'Pel, mke wa Tuvok aliyeachwa huko nyumbani na watoto wao. Kes anamtazama mtu anayekumbuka kila neno walilowahi kuambiana na hamwoni Neelix. Kwa upande wangu, onyesho hilo linamaliza kesi ya kwanza, na linaimaliza kwa uchungu kwa pande zote mbili. Tuvok na Neelix walikuwa wametoweka kweli. Na aliyekuwepo alikuwa mtu wa tatu kweli.

Hapo ndipo inafunguliwa kesi ya pili, na ndiyo nzito kuliko zote: je, yaruhusiwa kumuua mmoja ili wawili wapate kuishi?

Wengi hukimbilia hesabu. Wawili ni wengi kuliko mmoja. Philippa Foot, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1967 juu ya gari la reli linaloelekea kuwaponda watu watano, na dereva anayeweza kuligeuza njia likamponda mmoja. Judith Jarvis Thomson wa Marekani akaliendeleza fumbo hilo, na mojawapo ya mifano iliyopata umaarufu katika mjadala huo ni wa daktari wa upasuaji mwenye wagonjwa watano wanaohitaji viungo. Mtu mzima mwenye afya anaingia kliniki. Daktari anaweza kumuua, akagawa viungo vyake, watano wakapona. Hesabu ni ile ile, tano kwa moja. Lakini watu wale wale waliokubali kuligeuza gari la reli wanashtuka wakiambiwa habari za daktari huyo.

Tuvix yuko zahanati. Hayuko relini.

Lakini nataka niwatendee haki watetezi wa Janeway, kwa sababu wana hoja moja ambayo upande wangu huipita haraka mno. Wanasema mfano wa daktari haufai, maana yule mtu wa kliniki viungo vyake ni vyake tangu kuzaliwa. Mwili wa Tuvix kila chembe yake ilikuwa ya wengine ambao hawakuitoa. Mali ya wizi hurudishwa, hata kama aliyeikuta hakuiba. Na waliodhulumiwa hawawezi kusema, kwa hiyo lazima mtu awasemee. Janeway anamwambia Tuvix jambo hilo hilo, kwamba yeye, nahodha, ndiye anayepaswa kuwa sauti yao.

Nimeitafakari hoja hiyo mara nyingi, na bado inanipa shida. Ninapokwama nayo ni pale inapomgeuza mtu kuwa mali. Gari la wizi likirudishwa kwa mwenyewe, gari halipotezi kitu. Tuvix anapoteza kila kitu. Hakuwaua, hakuwateka, hakuomba kuzaliwa kwa njia ile. Deni analodaiwa halikuwa lake, na linalipwa kwa uhai wake.

Dunia hii yetu imewahi kufika karibu na swali hilo. Septemba 2000, mahakama ya rufaa ya Uingereza ililetewa kesi ya watoto mapacha walioungana, ambao mahakamani walipewa majina ya Jodie na Mary. Mary alikuwa anaishi kwa moyo wa Jodie. Wasipotenganishwa wangekufa wote ndani ya miezi. Wakitenganishwa Mary angekufa palepale. Wazazi, kwa imani yao, walikataa. Majaji wakaruhusu upasuaji, ukafanyika Manchester mwezi Novemba, Jodie akaishi na Mary akafa. Lakini ona tofauti: Mary alikuwa mtoto mchanga asiyeweza kusema, na bila upasuaji hakuna ambaye angebaki. Tuvix alikuwa mzima wa afya, angeweza kuishi miaka mingi, na alisema.

Tanzania tunao Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Makete mwaka 1996, mwaka ule ule wa Tuvix, na kufariki Iringa tarehe 2 Juni 2018 wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu. Nawataja kwa heshima, maana wao walikuwa watu halisi, na tangu mwanzo walikuwa wawili, kila mmoja na akili yake na jina lake. Walisema hadharani kwamba hawataki kutenganishwa. Sisi tuliowasikia wakisema nasi kupitia redio na televisheni hatukuona kwamba kuna mtu mwingine, hata awe daktari bingwa, mwenye haki ya kuwajibia. Nilipolirudia swali la mama mdogo, la kusaini, niliwakumbuka wao.

Kesi ya tatu ni ya utaratibu, na nashangaa haizungumzwi zaidi. Daktari wa Voyager ni hologramu, mwanga uliopewa umbo na programu. Anachezwa na Robert Picardo. Kwenye meli ile yeye mwenyewe hajapata bado kuhesabiwa kuwa mtu kamili. Na ni yeye anayesema hapana: yeye ni tabibu, hawezi kuchukua uhai wa mtu bila ridhaa yake. Wenye damu na moyo wamekaa kimya. Mwaka 1989, katika Star Trek: The Next Generation, roboti Data alipotakiwa kufumuliwa ili achunguzwe, kulikaliwa baraza, akapewa wa kumtetea, hoja zikasikilizwa, akashinda. Tuvix hakupewa hata saa moja ya baraza. Janeway alikuwa mlalamikaji, hakimu na mtekelezaji wa hukumu.

Na huyu ni nahodha ambaye katika sehemu ya kwanza kabisa ya Voyager, Januari 1995, aliuharibu mtambo ambao ungewarudisha watu wake nyumbani, ili tu usiangukie mikononi mwa wale ambao wangewaangamiza Waocampa, watu wa kabila la Kes. Aliwanyima watu wake safari ya nyumbani kwa ajili ya wageni aliokuwa amekutana nao siku chache tu. Mashabiki wanaomlaumu sana juu ya Tuvix wengi wao ndio wanaompenda sana, na nadhani kinachowauma ni hicho. Walimjua kuwa mtu wa kulipa gharama yeye mwenyewe. Safari hii gharama akamlipisha mtu mwingine.

Kuna mashabiki wanaotafuta mlango wa kutokea. Wanakumbusha kwamba mwaka 1993 mtambo ule ule wa kusafirisha ulimtoa William Riker, afisa wa The Next Generation, nakala mbili; kwa nini Tuvix asingenakiliwa, mmoja akatenganishwa na mwingine akaishi? Lakini ajali ile ilitokana na hali ya sayari moja, hakuna aliyeweza kuirudia akitaka. Na nakala ambayo ingetenganishwa nayo ingekuwa mtu.

Wengine wanailaumu kazi ya waandishi, na hapo wana ukweli wao. Russ na Phillips walikuwa waigizaji wa kudumu, majina yao yako mwanzoni mwa kila sehemu. Kila mtazamaji alijua Tuvix hawezi kubaki. Njia rahisi ilikuwa kumfanya ajitolee mwenyewe dakika ya mwisho, watu wakalia kidogo na kulala salama. Mwaka 2003 tamthilia nyingine ya Star Trek, Enterprise, ilifanya karibu na hivyo: Sim, nakala ya mhandisi Trip iliyooteshwa ili kumpatia tishu za ubongo, anabishana na nahodha wake, kisha anakubali kwa hiari. Ni sehemu nzuri, inaliza. Lakini ugomvi wake haukufika mbali kama huu, maana ridhaa ilipatikana. Waandishi wa "Tuvix" walikataa kutupa ridhaa, na ninawashukuru kwa hilo.

Angalia walivyomaliza. Kabla ya kutolewa chumba cha usukani, Tuvix anawaambia wenzake kwamba kila mmoja atalazimika kuishi na jambo hili, kwamba wao ni watu wema, na kwamba anawasamehe. Halafu zahanati, mwanga, na wamesimama pale Tuvok na Neelix. Kes anang'aa kwa furaha. Janeway anawaambia neno la kuwakaribisha, anatoka, mlango unajifunga nyuma yake. Yuko peke yake kwenye korido, anatembea kuja upande wetu, na Mulgrew anaacha uso uonyeshe jambo moja tu, kwamba mwanamke huyu anajua alichokifanya. Hakuna shajara ya nahodha inayosomwa, hakuna wa kumfariji. Picha inakatika.

"Sasa yule wa katikati," mama mdogo alisema, "wamemzika wapi?"

Hatukuwa na jibu. Hakuna mwili. Hakuna aliyekaa matanga, hakuna jina lililoandikwa mahali.

Miaka 27 baadaye, Septemba 2023, tamthilia ya katuni ya Star Trek: Lower Decks ilifungua msimu wake wa nne kwa sehemu iitwayo "Twovix". Wafanyakazi wa meli nyingine wanapatwa na ajali ile ile, wanatafuta kwenye kumbukumbu Janeway alifanyaje, na wanashtuka wanapogundua. Kichekesho chake kinaeleweka tu kwa sababu mashabiki waliusukuma ugomvi huu miaka yote hiyo, hadi wenye tamthilia wakaona lazima waseme kitu.

Lakini mimi narudi kwenye sehemu iliyofuata tu, "Resolutions", ya tarehe 13 Mei 1996, wiki moja kamili baada ya "Tuvix". Janeway na Chakotay wameambukizwa ugonjwa, inabidi waachwe kwenye sayari peke yao, na meli inakabidhiwa kwa Tuvok. Nahodha ameacha amri: msiwatafute Wavidiia, kabila la maadui wao, ingawa huenda wana dawa, maana ni hatari. Tuvok anaitii. Hapo meli nzima inachachamaa. Harry Kim, afisa kijana, anambishia mbele ya watu, kwenye chumba kile kile cha usukani, hadi anaondolewa zamu. Wenzake wananong'ona, wanapanga. Kes anamfuata Tuvok na kumsemesha mpaka anabadili uamuzi.

Kumbe walikuwa na sauti. Viti ni vile vile, watu ni wale wale, na zimepita siku saba tu.